Harufu Asiyoisikia Shifra

"Gila, iangalie vizuri. Imeharibika au haijaharibika?"

"Shifra, mimi niko Baltimore. Nitanusaje krimu kwenye simu?"

"Sijakwambia unuse. Nimekwambia angalia rangi."

"Rangi ni nyeupe. Krimu zote nyeupe. Mwite mumeo ainuse."

"Ningekuwa naweza kumwita mume wangu, ningekupigia wewe?"

Shifra Lempert alikuwa amesimama katikati ya jiko lake huko Cleveland Heights, simu ameiegemeza kwenye mfuko wa unga, mkononi ana kopo la krimu chachu ambalo hakumbuki alilifungua lini. Nje mvua ilikuwa inapiga tangu asubuhi, madirisha yote yamefungwa. Jua likizama tu, sikukuu ya Kiyahudi ya Shavuot inaingia. Na kesho mchana mama mkwe wake, Bi Perel, anakuja kula.

Shavuot ni sikukuu ya vyakula vya maziwa, na kwa akina Lempert haiendi bila kugel: tambi pana za mayai zilizochanganywa na jibini laini, krimu, mayai, sukari na zabibu kavu, zikaokwa mpaka juu zinakauka rangi ya dhahabu. Zamani Shifra aliipika huku anaimba. Safari hii aliipika kwa kujificha kama mwizi.

Sababu ni kwamba Shifra hakuwa anasikia harufu. Ilianza na homa moja ya kipindi cha theluji. Homa ikaondoka na pua yake, ikaondoka na ulimi wake. Kahawa ikawa maji ya moto. Samaki, sabuni, waridi, yote mamoja.

"Daktari amesemaje?" Gila akauliza.

"Inaweza kurudi, inaweza isirudi."

"Na Hillel?"

"Hajui."

"Mpaka leo? Shifra, dada yangu, una wazimu?"

"Menashe alijua nilipougua zamani, si unakumbuka? Nilimwambia kila kitu. Vipimo, dawa, kila kitu. Akanijibu nini?"

Wote wawili walilikumbuka jibu la Menashe, mume wa kwanza wa Shifra. Alilisema amesimama mlangoni, koti amevaa tayari: *Sikuoa hospitali mimi.* Baada ya hapo ikaja hati ya talaka, na Shifra akarudi kwa wazazi wake akiwa na sanduku moja na mwili uliokuwa bado kwenye matibabu. Alipona. Ila neno lile halikupona.

"Hillel si Menashe," Gila akasema taratibu.

"Wanaume hawafanani mpaka siku wanapofanana."

"Haya. Na lile lingine? Bado anarudi ameshiba?"

"Kila siku. Anakula vijiko viwili, anasukuma sahani. Anasema amekula kazini."

"Kazini kwake si duka la miwani? Wanakula fremu?"

Shifra akalizungusha kopo mkononi.

"Dada, nisikilize," Gila akasema. "Mwanamume anayerudi nyumbani ameshiba, kuna mahali anakula."

"Usiniambie hayo leo."

"Nakuambia kwa sababu ni leo. Muulize."

Shifra alikata simu. Akalitupa lile kopo, akafungua jingine jipya, akaweka maji ya tambi jikoni. Lilikuwa jiko la gesi la zamani, walilikuta humo humo ndani ya nyumba. Maji yakachemka, akamimina tambi, akaanza kuvunja mayai.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Kundi la familia. Bi Perel ameandika:

*Mwanangu supu ya kuku iko tayari. Pita ule ushibe kabla hujaenda huko kwako. Usimwambie huyo. Kuhusu kugel yake ya kesho usijali, nitajifanya nina kiungulia, na wewe jifanye unakula kama kawaida yako.*

Shifra alisoma mara ya kwanza hakuelewa. Mara ya pili, ujumbe ukafutika mbele ya macho yake. Yule mama alikuwa amekosea mahali pa kutuma.

Umechelewa, Mama, Shifra akawaza.

Alitoka jikoni mpaka sebuleni, miguu haijui inakwenda wapi. Akampigia mumewe.

"Hillel, uko wapi?"

"Nafunga duka. Kuna nini? Sauti yako vipi?"

"Mama yako amekuandalia supu."

Upande wa pili funguo zikaacha kulia.

"Amesema uende ule kabla hujaja huku kwangu. Halafu kesho ujifanye. Kama kawaida yako."

"Shifra... umeyajuaje hayo?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Subiri, nisikilize..."

"Tangu lini unakula kwa mama yako?"

"Si kila siku."

"Tangu lini, Hillel?"

"Tangu baridi ilipoanza kuisha. Shifra, nilikuwa nataka kukuambia, sikujua nianzie wapi."

"Mimi nimekaa hapa nafikiria una mwanamke! Afadhali angekuwa mwanamke! Mwanamke mwingine ningemchukia nikamaliza. Mama yako nitamfanya nini? Umemwambia nini kuhusu mimi?"

"Nilimwambia... nilimwambia vitu ambavyo sikupaswa kusema."

"Vitu gani?"

"Nakuja nyumbani. Usifanye chochote. Nakuja sasa hivi."

"Nenda kwanza ukanywe supu yako!"

Akaitupa simu kwenye kochi.

Asichokijua Shifra ni kwamba, wakati yeye anafoka sebuleni, sufuria ya tambi ilikuwa imefurika. Povu jeupe lilimwagika pembeni likazima moto. Moto ulizimika, gesi haikuzimika. Iliendelea kutoka polepole, na mlio wake mdogo ukamezwa na mvua.

Alirudi jikoni macho yamejaa machozi. Akaona tambi zimelainika, akazichuja. Hakuitazama swichi ya jiko. Mtu mwingine yeyote angeuacha mlango wazi akakimbilia barabarani, maana gesi ile huwekewa uvundo makusudi, wa mayai yaliyooza. Shifra alisimama katikati ya uvundo ule akichanganya jibini na krimu kwa hasira, anamimina sukari, anamimina zabibu. Akapanga kila kitu kwenye trei.

Kichwa kikaanza kumuuma. Akadhani ni kulia.

Akakumbuka mshumaa wa baba yake. Sikukuu hii waliofariki hukumbukwa, na mshumaa wao huwashwa mapema, uwake usiku mzima na mchana kutwa. Akauweka juu ya meza. Alitaka tu afanye jambo moja ambalo hakuna mtu atakayemcheka. Akachukua kiberiti. Akatoa njiti.

"USIWASHE!"

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Hillel aliingia amelowa chapachapa. Akaikwapua njiti mkononi mwake, akazima swichi ya jiko, akamshika mkewe kiunoni akamtoa nje kwenye mvua bila viatu.

"Niache! Una wazimu?"

"Gesi, Shifra! Nyumba nzima ni gesi!"

"Gesi gani?"

"Gesi gani? Nimeisikia kwenye ngazi! Unaniuliza gesi gani?"

Walikuwa wamesimama ukingoni mwa barabara. Hillel alikuwa anahema, koti lake amemfunika nalo mkewe kichwani. Akapiga namba ya dharura, akataja anwani yao. Alipomaliza akamgeukia. Uso ulikuwa mweupe kama karatasi.

"Shifra. Hukusikia harufu?"

Shifra akajikunyata ndani ya koti.

"Ulikuwa unataka kujiua? Niambie ukweli. Kwa sababu ya supu?"

"Hapana! Mungu wangu, hapana!"

"Sasa kwa nini ulikaa mle ndani?"

Shifra alitazama maji yanavyopita juu ya vidole vyake vya miguu. Hapo akajua siri imefika mwisho wa njia.

"Sisikii harufu, Hillel. Yoyote. Wala ladha. Tangu ile homa."

"Tangu homa?" Akahesabu kimoyomoyo, midomo inachezacheza. "Yaani ile supu yenye chumvi..."

"Sikujua ina chumvi."

"Na yale maziwa yaliyoganda kwenye kahawa yangu? Na ule mkate ulioungua, wewe ukakaa unaniangalia ninavyoula?"

"Nilikuwa nakuangalia usoni nijue kama ni mzuri! Na wewe ukasema mzuri!"

Hillel akajishika kichwa kwa mikono miwili. Akaketi pale pale kwenye ukingo wa barabara, kwenye maji.

"Nilidhani umenichoka," akasema.

"Nini?"

"Nilidhani unaniadhibu. Zamani ulikuwa unapika, ukinionjesha na kijiko, unacheka. Ghafla ukaacha kuonja. Ukawa unaniwekea sahani na kunitazama kama askari. Nikasema huyu mwanamke anataka niondoke, ila hataki kusema. Nikaogopa kuuliza, nisije nikaambiwa ndiyo."

"Ukaenda kumwambia mama yako."

"Nikaenda kumwambia mama yangu."

"Ulimwambia nini hasa? Sema."

"Nilimwambia mke wangu hanitaki tena. Nilimwambia hata chakula anapika kwa chuki." Akafuta maji usoni. "Ndivyo nilivyosema, Shifra. Kwa chuki."

Neno lile lilimwingia kama sindano. Alitaka kumpiga. Alitaka pia kumwinua kutoka kwenye maji, maana aliketi kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Kwa nini hukuniambia unaumwa?" Hillel akauliza.

"Kwa sababu mara ya mwisho nilipomwambia mume wangu naumwa, alikuwa ameshavaa koti."

Hillel akatazama koti lake, lililokuwa juu ya kichwa cha mkewe. Akainuka, akamkumbatia, naye Shifra hakumkumbatia, lakini hakujitoa.

Fundi wa gesi alifika, akazunguka na kifaa chake, akafungua kila dirisha. Akatoka akitikisa kichwa.

"Sasa ni salama kuingia," akasema. "Ila bomba la nyuma ya jiko limechakaa nalo. Nimefunga gesi yote. Hamna kupika humu mpaka libadilishwe."

"Leo jioni sikukuu inaingia," Shifra akasema. "Nina trei ya kugel haijaokwa."

"Mama, una bahati una nyumba."

Fundi akaondoka. Wakabaki wanatazamana. Hillel akakohoa.

"Mama ana oveni."

"Hapana."

"Shifra..."

"Nimesema hapana! Niingie jikoni kwake? Baada ya ule ujumbe? Nitamtazama vipi?"

"Yeye ndiye atashindwa kukutazama. Na mimi nitasema mbele yake yote niliyoyasema nyuma yako. Usipotaka, tutakula mkate na jibini humu nyumbani, mimi na wewe, na nitafurahi vilevile. Chagua wewe."

Shifra alifikiri kidogo.

"Chukua trei," akasema. "Na mshumaa wa baba."

Bi Perel alikaa mitaa michache kutoka kwao. Alifungua mlango akiwa na aproni, macho yakaenda kwa mwanawe, yakaenda kwa trei, yakamkwepa Shifra.

"Mmelowa nyie. Kuna nini?"

"Gesi imevuja kwetu, Mama. Tunaomba kuoka kugel kwako."

"Jamani, poleni! Ila oveni yangu ina nyama, mwanangu. Tangu asubuhi. Sheria ya dini haituruhusu kuingiza maziwa mle."

"Na ile ndogo ya chini, ya vyakula vya maziwa?"

Bi Perel akapangusa mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu.

"Ile... ipo."

Walishuka kwenye jiko la chini. Shifra akaweka trei mezani. Alikuwa ameapa njia nzima kwamba hatasema neno. Ila ulimi una mambo yake.

"Mama, ujumbe wako niliusoma."

"Ujumbe upi?"

"Ule ulioufuta."

Yule mama akajishikilia kwenye kiti.

"Mama," Hillel akaingilia, "kabla hujajibu. Mimi ndiye niliyekudanganya. Nilikuambia Shifra anapika kwa chuki. Si kweli. Ni mgonjwa. Hasikii harufu wala ladha tangu baridi. Alikuwa anapika gizani, na mimi, badala ya kumuuliza, nikaja kukulilia wewe. Leo alikuwa na njiti ya kiberiti mkononi, nyumba imejaa gesi, hajui. Ningechelewa kidogo tu, Mama, sasa hivi ungekuwa unatafuta nguo za msiba."

Bi Perel aliketi. Alimtazama Shifra kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Husikii kabisa?"

"Kabisa, Mama."

"Ndiyo hiyo tu? Ndiyo uliyoificha hivyo?"

"Mama ulisema nini siku ya posa yetu? Ulisema mwanamke aliyeachwa ana kasoro iliyofichwa. Nilikuwa chumba cha pili. Nilisikia. Masikio yangu ni mazima."

Juu saa ya ukutani ilikuwa inagonga.

"Nilisema," Bi Perel akakubali mwishowe. "Nilisema, na Mungu alisikia pia. Marehemu mume wangu alikuwa kiziwi sikio moja. Tulipooana hakuniambia. Nilikuwa namnung'unikia upande wa kushoto siku nzima, yeye hana habari! Nilipojua, nikahamia kulia nikaendelea kumnung'unikia." Akajaribu kutabasamu, tabasamu likageuka kilio. "Unataka ukweli, Shifra? Nyumba hii ni kubwa. Jioni nakula nimesimama, kwa nini nipange meza ya mtu mmoja? Halafu mwanangu akaanza kuja. Anakaa, anakula, anaomba aongezwe. Kila jioni nilimshukuru Mungu kwa chakula chako kibaya. Nilijua kuna jambo haliko sawa kwenu. Mama mwenye akili angemwambia nenda nyumbani ukazungumze na mkeo. Mimi nilimwongezea supu."

Shifra hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alikuja na ngumi. Sasa hakujua aiweke wapi.

"Ungeniambia, Mama, ningekukaribisha kila jioni."

"Kula chakula kile?"

Ilimtoka kabla hajafikiri. Akajiziba mdomo. Hillel akafumba macho akisubiri radi. Shifra akaguna, na mguno ukageuka kicheko, kicheko kibaya cha mtu aliyechoka.

"Haya. Tuoke. Jua halitusubiri."

Bi Perel akawasha oveni, akapanda juu kupanga meza. Hillel akaenda kuleta taulo. Shifra akabaki peke yake na trei. Akaponda konfleksi za mahindi, akazichanganya na siagi, akazitandaza juu. Ilibaki mdalasini. Kwenye rafu kulikuwa na vichupa vimejipanga, havina majina. Angeweza kupaza sauti akauliza. Lakini mtu aliyejificha muda mrefu hata akitolewa nje huendelea kuinama. Akachukua kichupa chenye unga wa kahawia, akanyunyiza kwa mkono usio na ubahili, akaingiza trei ndani.

Walirudi wote wawili, wakaketi kungoja. Bi Perel alikuwa anasimulia mambo ya binamu fulani. Mara akakatisha. Hillel akainua kichwa. Wakatazamana mama na mwana, kidogo sana, kisha wakatazama pembeni haraka.

Shifra aliwaona. Alikuwa ameyaona macho yale mezani kwake miezi yote.

"Nini?"

"Hakuna kitu," Bi Perel akawahi. "Inanukia vizuri, binti yangu. Vizuri sana."

"Hillel?"

Hillel alimtazama mkewe. Shifra aliyatazama mabega ya mumewe, akijiambia: akidanganya sasa, nimekwisha. Akidanganya hata kwa huruma, nitabaki peke yangu maisha yangu yote.

"Mama, acha," Hillel akasema. "Shifra, umetia bizari."

"Nimetia nini?"

"Bizari ya pilau. Badala ya mdalasini. Humu ndani kunanuka kama nyama ya kuchoma. Ni vibaya, mke wangu. Ni vibaya sana."

Alisema huku anaogopa, mikono imeshika magoti. Bi Perel alikuwa ameacha kupumua.

Shifra alisimama akamwendea mumewe. Akamshika uso kwa mikono yote miwili, ile mikono iliyokuwa na siagi.

"Rudia."

"Ni vibaya sana."

"Tena."

"Shifra, hata mbwa wa jirani asingekula."

Akambusu pale pale, mbele ya mama mkwe, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Tangu baridi ilipoingia hakuna mtu aliyewahi kumwambia jambo tamu kiasi kile.

"Haya basi, mtaniunguzia nyumba na mapenzi yenu," Bi Perel akasema, akipenga kamasi kwenye aproni. "Hillel, itoe. Tabaka la juu ndilo lenye kosa. Tutalikwangua, tuweke jingine. Shifra, njoo hapa kwenye rafu. Hiki ni mdalasini. Hiki ni pilipili. Hiki hata mimi sijui ni nini, tukitupe."

Waliikwangua kwa vijiko vitatu, wanagombana, wanasukumana viwiko, jua linashuka nyuma ya nyumba za upande wa pili. Iliokwa upya, ikaingia mezani dakika za mwisho. Mishumaa ikawashwa, wa baba yake Shifra ukiwa pembeni.

Hillel akakata kipande, akaonja. Wanawake wawili wakamkodolea macho.

"Semeni kwanza mko tayari kwa ukweli," akasema.

"Sema!" wakajibu kwa pamoja.

"Bizari bado ipo kwa mbali. Sukari imezidi. Katikati kuna uvimbe wa jibini." Akasogeza sahani yake mbele. "Na leo sijala kwa mtu. Niongeze."